Mdungusi Upi, Mdudu Yupi?

Mdungusi ukishatoka kwenye ua na kuingia malishoni, wengi wetu tunaoishi kati ya Thika na Ruiru tunakimbilia panga. Panga linauzidisha. Kila kipande kinachoanguka chini huota mizizi, na ukikatakata bila kuokota umepanda shamba jipya. Mkulima wa huku kwetu ana la kujifunza Laikipia.

Mdungusi wa huko, Opuntia stricta, uliletwa enzi za ukoloni uwe ua, karibu na Doldol. Nyani na tembo wakala matunda, wakazisambaza mbegu mbali kupitia kinyesi chao. Mbuzi wanaoyala huchomwa na vijiba vidogo mdomoni, tumboni, hata machoni. Mwaka 2014 shirika la CABI na washirika wake walimwachilia mdudu aitwaye kochinili. Jike hana mabawa. Hung'ang'ania mahali pamoja akifyonza utomvu, amejifunika nta nyeupe kama pamba. Ukimponda kwa kidole hutoka rangi nyekundu nzito. Vitoto vyake ndivyo vinavyotambaa na kupeperushwa na upepo. Kwa hiyo kazi ni kuwazalisha kwenye vipande vilivyokatwa, kisha kuviegemeza vipande hivyo kwenye vichaka vizima. Mmea hugeuka manjano, hulegea, huanguka. Mvua kubwa huwaosha wadudu, kwa hiyo kiangazi ndio msimu wao.

Lakini kochinili huyu, Dactylopius opuntiae, amegawanyika katika koo mbili zisizotofautika kwa macho. Katika mbuga ya Kruger, Afrika Kusini, watafiti waliwahamisha wadudu waliozoea mdungusi mrefu, Opuntia ficus-indica, wakawaweka kwenye stricta. Hawakustawi. Ilibidi ukoo mwingine uletwe kutoka Australia mwishoni mwa miaka ya 1990, ndipo vichaka vikaanza kufa. Ukoo huo ndio uliofaa Laikipia. Kwangu mimi, ushindi ulipatikana hapo, kwenye utambuzi, kabla mdudu hata mmoja hajaachiliwa.

Basi angalia mdungusi wako. Stricta ni kichaka kifupi kisicho na shina la kueleweka, na matunda yake yakiiva huwa ya zambarau mpaka ndani. Ficus-indica husimama kama mti, humpita mtu kimo, na wengi wanapenda matunda yake. Mdudu wa Laikipia hatausumbua. Ukisita, peleka kipande chenye ua na tunda kwenye hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Makumbusho ya Kitaifa, Nairobi. Na kama ni vichaka vichache tu, usisubiri mdudu: ng'oa na mizizi, okota kila kipande, fukia kwenye shimo refu.