'Wewe': Kiwakilishi ambacho jedwali halikieleza

Viwakilishi huru vya nafsi ni sita: mimi, wewe, yeye, sisi, nyinyi na wao. Jedwali hili ni sahihi. Hata hivyo, halimwambii mwanafunzi lililo muhimu zaidi: nani anasema na nani.

Tutazame Kithai. Mwanamume akizungumza kwa heshima hujiita 'phom'. Binti mbele ya mkubwa wake huweza kujiita 'nu', yaani panya. Nao 'phi' (ndugu mkubwa) na 'nong' (ndugu mdogo) hushika nafasi ya 'wewe' hata pasipo na udugu. Kuchagua kiwakilishi ni kuchagua uhusiano.

Kiswahili hakina utitiri huo. 'Wewe' hutumika kwa chifu, kwa mtoto na hata kwa mbuzi. Je, hatuna adabu? Tunayo, ila imehifadhiwa kwingine.

Kwanza, kitenzi chetu tayari kina kiambishi cha nafsi. Mwuza ndizi katika soko la Gakoromone, Meru, akiulizwa, "Mama, unauzaje?" atataja bei. Akiulizwa, "Wewe, unauzaje?" bei huenda ikapanda, au akamgeukia mteja mwingine. 'U-' imeshamtaja, 'wewe' ya ziada ni kidole usoni. Baina ya marafiki, kidole hichohicho huwa mzaha: "Wewe! Kwani ulipotelea wapi?"

Pili, majina ya ukoo hufanya kazi ya viwakilishi. Mama wa Embu ambaye mwanawe amerithi jina la babu mzaa mama humwita mtoto huyo 'baba'. Anapomwuliza, "Baba amekula?" hamwulizii mtu mwingine. Anasema na mwanawe, na papo hapo anamheshimu mzazi wake.

Tatu, kuna 'huyu'. Ukisema, "Huyu anasema nini?" naye mzee ameketi hapo hapo, umemwondoa barazani.

Kasoro ninayoiona ni ya ufundishaji. Katika Karatasi ya Pili ya KCSE, matumizi ya lugha yana alama 40, isimujamii alama 10. Viwakilishi hufundishwa upande mmoja, adabu upande wa pili, na pande hizi hazikutani. Kwa miaka mingi nimesoma mahojiano ya utafiti wa nyanjani ya vijana wenye alama nzuri wanaomwanza mzee hivi: "Wewe ulizaliwa lini?" Kisarufi, sentensi haina dosari. Lakini mzee hujibu neno moja, na hadithi aliyokuwa nayo hubaki kifuani. Wazee hao hawatakuwapo milele.

Mwalimu asilifute jedwali ubaoni. Aongeze safu moja tu kando ya 'wewe': kwa nani, na kwa hisia gani? Kisha awape wanafunzi sentensi mbili wazilinganishe: "Wewe ulizaliwa lini?" na "Mzee, ulizaliwa wakati gani?" Watang'amua wenyewe ni ipi inayofungua mlango.