Ufundi wa Kitaluni

Kijana anayetoka Ujerumani au Uingereza kuja Nairobi kujitolea kupanda miti huwa na hamu ya jembe. Mama anayesimamia kitalu humkalisha kwanza kwenye kigoda, mbele ya rundo la udongo. Kuna viriba vya kujazwa, na kazi hiyo huweza kula wiki nzima.

Nimewatazama kina mama hao mara nyingi, na naona ufundi wao haujapewa heshima yake. Udongo wa msituni, samadi iliyooza na mchanga huchanganywa kwa koleo, lakini kipimo chenyewe kimo kiganjani: mama hufinya konzi moja, akafungua mkono, akatazama kama donge linasimama au linamomonyoka. Kiriba kikijaa hugongwagongwa chini udongo ukae. Kikilegea tumboni humwagwa kikaanzwa upya, hata kama aliyekijaza ana shahada ya mazingira.

Halafu kuatika. Mche mchanga wa mti wa muiri hushikwa kwa jani, kamwe si kwa shina. Jani likichubuka litaota jingine. Shina ni hilo moja. Kijiti hutoboa tundu, mzizi huteremshwa chini kuliko unavyohitaji, kisha mche huvutwa juu kidogo tu. Mvuto huo ndio unaonyoosha mzizi. Uliopinda kama ndoana hauonekani leo. Utajulikana miaka mingi baadaye, upepo utakapouangusha mti juu ya gari la mtu. Wageni wengi huuruka mvuto huu, maana hawaoni kilichobadilika.

Mbegu za muiri nazo hazina subira. Zikikauka hufa upesi, kwa hiyo husiwa zingali mbichi. Mche ukikaribia kutoka kitaluni hunyimwa raha: kivuli kinapunguzwa, maji yanapunguzwa, viriba vinainuliwa ili mizizi iliyotoboa chini ikatike. Mpenda mimea huumia moyo. Lakini huko mtaani kuna udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kuwa tope zito masika, kuna vifusi vya ujenzi, kuna mbuzi.

Wangari Maathai aliyajua haya kwa gharama. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya walipanda miti saba Kamukunji, na mingi kati yake haikuishi. Green Belt Movement iliyochipuka hapo ilikuja kuwalipa wanawake senti chache kwa kila mche ulioshika. Maofisa wa misitu walidai kazi hiyo ni ya wasomi. Wanawake wakaotesha miche kwenye makopo na vyungu vilivyovunjika. Napenda hesabu hiyo ya miche iliyoshika kuliko hizi za siku hizi, za maelfu ya miti iliyopandwa kabla ya chakula cha mchana.

Mama akiwapeleka wageni kupanda miti shule ya msingi, hotuba ya mazingira huwa fupi mno, na nadhani ni makusudi. Huchukua wembe akapasua kiriba, akakata mizizi iliyojizungusha chini, akauketisha mche bila kuzika shingo yake. Udongo wa juu, uliotengwa wakati wa kuchimba, ndio unaotangulia kurudi kwenye mizizi. Kisha humpa wembe mtoto, na mgeni husubiri zamu yake nyuma ya darasa la tano.

Siku moja kijana mmoja, aliyekuwa na miche hamsini kwenye toroli, aliuliza, "Mama, leo tupande mingapi?"

"Januari mtaweza kuinywesha mingapi, mwanangu?"

Watoto wakamwahi kujibu: kumi na miwili. Shule ina mitungi sita, na mtungi mmoja, walimweleza, hutosha miti miwili. Mingine ilirudishwa kitaluni, na kijana ndiye aliyesukuma toroli.