Nguo za Mzururaji wa Chaplin

Wako wadhanio ya kuwa nguo katika sinema ni pambo tu. Na wamtazame yule maskini mzururaji aliyechezwa na Charlie Chaplin tangu mwaka wa 1914. Nguo zake alizichagua mwenyewe: suruali yapwaya, koti lambana, viatu ni vikubwa, kofia ni ndogo. Katika sinema zile maneno hayakusikika, basi nguo zilinena badala ya kinywa. Suruali na viatu vyasema, Huyu hana kitu. Kofia na bakora vyajibu, Lakini yajua heshima nafsi yake.

Katika sinema ya City Lights, ya mwaka wa 1931, msichana kipofu auzaye maua amdhani kuwa tajiri. Mzururaji ampatia fedha za kutibiwa macho. Msichana akiisha kupona, amwona mtu mwenye matambara, naye amcheka. Hamtambui mpaka amshikapo mkono. Alipokuwa kipofu alimheshimu. Alipopata kuona alimcheka. Nasi tuliokuwa tukicheka pamoja naye twanyamaza, maana macho yetu nayo yalikuwa yakitazama nguo.