Ncha ya Kafi: Unene Unaolipa na Unaodai

Kafi la mtumbwi wa Delta ya Rufiji lafaa lisomwe kuanzia chini. Mnunuzi hushika mpini, akalipima uzito kwa mkono mmoja, akafumba jicho kuangalia kama limenyooka. Habari yenyewe iko kwingine: katika inchi tatu za mwisho za bapa, pale mbao inapokutana na matope, mizizi ya mikoko na mchanga.

Chukua makafi mawili ya aina unayoweza kuikuta imeegemezwa kwenye vyombo pale Nyamisati, bandari ya Wilaya ya Kibiti wanakopandia wasafiri wa Mafia. La kwanza ni jipya. Makovu ya tezo yangali kwenye bapa, na ncha ina unene wa kidole gumba. La pili ni kuukuu. Ncha imelika ikawa nyembamba, kona moja imeisha kuliko ya pili kwa kuwa mpigaji husukumia upande uleule, na ufa umepanda kwa kufuata nyuzi kadiri ya shibiri moja. Mwenyewe ameufunga kwa waya. Hakutumia misumari, na hapo alifanya busara: msumari unaopigwa karibu na ncha hutanua nyuzi na kuuongoza ufa badala ya kuuzuia.

Ukiyatazama pamoja, hukumu huja yenyewe: ncha nene ndiyo idumuyo. Hukumu hiyo ina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoharibu makafi.

Ncha ya mbao ina maadui watatu, na unene haupambani nao kwa nguvu sawa. Wa kwanza ni kupinda. Mpigaji akichomeka kafi kwenye tope akaliegemea, bapa hupinda. Hapa unene unalipa sana: ukiuongeza mara mbili, nguvu ya kustahimili kuvunjika kwa kupinda huongezeka mara nne, na ugumu wa bapa mara nane. Wa pili ni kupasuka kwa kufuata nyuzi, kama ncha inapogonga mzizi. Hapa unene unalipa kidogo tu: mbao nene mara mbili ina nyuzi zilizoshikamana mara mbili, basi. Fundi anayetegemea unene peke yake dhidi ya ufa anaongeza uzito mwingi kwa faida ndogo.

Adui wa tatu ni maji, na kwake unene unaweza kugeuka hasara. Kwenye ncha nyuzi zimekatwa kukingama, midomo yake iko wazi, na maji hupanda kwa kufuata nyuzi upesi kuliko yanavyopenya ubavuni. Mbao ikilowa hutanuka kwa upana na karibu haitanuki kwa urefu. Kisha mtumbwi unapandishwa, kafi linaachwa juani, ncha inaanza kukauka. Ikiwa nyembamba, hukauka nje na ndani kwa pamoja. Ikiwa nene, ngozi yake husinyaa wakati moyo ungali umevimba, na mvutano huo ndio unaofungua ufa. Ndiyo maana kafi nene lisilopakwa mafuta laweza kupasuka nyumbani, siku ambayo halikugusa hata mzizi mmoja.

Umbo hilihili limejadiliwa kwa undani zaidi kwenye gongo la kriketi. Si mchezo wa Kibiti; wachezaji wake utawakuta zaidi Dar es Salaam, kwenye viwanja kama cha Gymkhana. Lakini gongo ni ndugu wa kafi: mpini wa mviringo, mabega, bapa, mgongo unaoinuka katikati, na ncha inayogonga ardhi. Limechongwa kwa wilo, mti mwepesi na laini. Mpigaji hudundadunda ncha chini akimsubiri mrushaji, ardhi yenye umande huilowesha, kisha mpira mgumu wa gramu 160 hivi unakuja chini kabisa, miguuni pake, na kuipiga pale palipolegea.

Klabu ya Marylebone ya London, inayotunza sheria za kriketi, imeweka vipimo vya gongo: urefu usizidi sentimita 96.5, upana 10.8, na tangu Oktoba 2017 kina kisizidi 6.7 na kingo zisizidi 4.0. Vyote ni ukomo wa juu, kwa sababu sheria inamlinda mrushaji dhidi ya gongo lenye nguvu kupita kiasi. Wembamba wa ncha ni juu ya fundi. Wapo wanaokwangua mbao karibu na ncha ili gongo liwe jepesi kuinua huku mgongo ukibaki mnene katikati. Wengine huteremsha unene hadi chini. La kwanza huinuliwa upesi na huumia mapema. La pili hustahimili mipira ya chini, ila uzito umekaa mbali na mikono. Na maji, yule adui wa tatu, wachezaji huyakabili bila kutegemea unene: hupaka mafuta ya kitani, na ncha huvikwa kiatu cha mpira.

Tukirudi kwenye kafi tukiwa na somo hilo, swali linabadilika. Badala ya kuuliza ncha ina unene gani, tuulize unene umeifikiaje ncha. Katika kafi zuri mgongo hushuka kutoka mpinini, ukipungua polepole, mpaka unayeyukia ndani ya bapa kabla ya mwisho. Mkono unaopita juu yake haukuti ngazi. Katika kafi baya mgongo hukatika ghafla, na hapo chini ya katikati panakuwa na mstari ambapo mbao nene inakutana na nyembamba. Kafi litavunjikia hapo, hata ncha ikiwa nene kiasi gani. Kafi jipya tulilolisoma lina kasoro hiyo: fundi ameacha nyama nyingi mwishoni, akakwangua juu yake ili kupunguza uzito. Ameimarisha sehemu inayoonekana dhaifu, akadhoofisha inayobeba mzigo.

Na tusimtwike fundi kosa la mpigaji. Maji yakipwa na mitumbwi ikakwama kwenye tope, chombo cha kusukumia ni pondo, mti mzima wa mviringo ambao nyuzi zake zimefuata umbo lake. Bapa limechongwa kuvuta maji. Anayelifanya pondo kila siku anadai ncha nene, kisha anailipia kwa mabega yake, maana uzito ulioko mwisho wa chombo kirefu huchosha kuliko uzito huohuo ukiwa karibu na mkono, na kafi huinuliwa mara nyingi kabla ya kufika.

Kwa hiyo kafi kuukuu, pamoja na ufa na waya wake, ndilo lililochongwa vizuri zaidi. Ncha yake imelika kwa kazi, na mgongo haujayumba. Ncha yaweza kupunguzwa kwa tezo ikanyooka tena, ikapakwa mafuta, na kafi likarudi majini likiwa fupi kidogo. Mgongo uliokatika hauna marekebisho.