Chuya Zisizoonekana

Bagamoyo ilikuwa imeandikwa mara mbili kwenye kioo, moja juu ya nyingine, na kompyuta imeshikilia kuwa ni miji miwili. Sisi vijana tulishaanza kuiandika upya orodha nzima. Kaka mmoja tuliyemheshimu pale kazini akavuta kiti, akahesabu: ya juu ilikuwa na alama 8, ya chini 9. Akazifungua moja moja kwa namba zake, kidole kikitembea juu ya kioo kama cha mama anayechagua chuya kwenye ungo. Kikasimama baada ya o ya mwisho. Palikuwa na U+200B, nafasi isiyo na upana. Haina wino, haina sauti, jicho linaivuka.

“Usiitoe kwanza,” akasema. “Tujue imeingiaje.”

Ilikuja na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwenye tovuti. Tulikuwa tumeshapitisha strip ya Python, ufagio tunaouamini wote. Ufagio huo huondoa U+00A0, nafasi isiyokatika, pembeni mwa neno, lakini U+200B huiacha, maana Unicode yenyewe, orodha inayozipa alama namba hizo, haiihesabu kuwa nafasi.

Wala si kila kisichoonekana ni takataka. Hilo alilirudia mno. Mwajemi anaihitaji U+200C ili herufi zisishikane ndani ya neno moja. U+200D ndiyo inayowafunga baba, mama na mtoto wawe picha moja ya familia kwenye simu. Ing’oe, na familia inatawanyika, kila mtu na kipicha chake.

Siku hizi mtu anaokota mstari mmoja wa msimbo unaofuta kila kisichomo kwenye ASCII, orodha ya alama 128 iliyotungwa Marekani miaka ya 1960 kwa mahitaji ya Kiingereza. Anaubandika, anaondoka. Nimemwona ng’ombe, aliyeandikwa kwa ritifaa iliyopinda ya U+2019, akitoka humo “ngombe”. Ng’ambo ikawa “ngambo”, mamia ya mistari, na mashine haikulalamika hata mara moja. Lugha yetu ilikwanguliwa pamoja na uchafu, nasi tukaita kazi hiyo usafi.

Yule kaka alishahama. Aliacha faili lenye kila alama aliyowahi kukutana nayo, ilikotoka, na lugha inayoihitaji. Juzi nililitafuta. Mtu amelifuta, na mahali pake pana mstari mmoja.