Punda Wako Ana Kiu?

Kundi la kwanza la kuigiza kwa maandishi nililojiunga nalo mtandaoni liliniua kwa mistari mitatu. Nilikuwa nimemwandika binti anayechota maji kwenye shimo la mchanga mtoni, vile tunavyofanya huku Matinyani wakati wa kiangazi. Msee mmoja akanisahihisha Kiingereza. Mwingine akaandika kwamba joka limeshuka na binti amekufa. Basi. Hakuna aliyeniuliza.

Kama hujui mchezo wenyewe: kila mtu ana mhusika wake, anaandika anachosema na kutenda, kisha anangoja mwenzake ajibu. Si jambo la jana. Mwaka 1978, Roy Trubshaw, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, alianza kuunda MUD, dunia ya maneno matupu iliyokutanisha watu kwenye kompyuta. Richard Bartle akaiendeleza. Lakini mimi nasema susu alikuwa na yake jikoni. Akisimulia mbano, anakatiza katikati: wewe ungekuwa sungura, ungefanyaje? John Mbiti, mzaliwa wa Mulango hapa Kitui, alichapisha hadithi za aina hiyo katika Akamba Stories, 1966. Kitabu kimezihifadhi, na nakipenda, ila ukurasa haukuulizi kitu. Susu alikuuliza, na ukinyamaza anangoja.

Kundi la pili ni la Kiswahili, dogo, na huchangamka usiku watu wakishatoka kazini. Nikamleta binti yule yule. Mtu anayeigiza mzee mwenye mbuzi akaandika: "Punda wako ana kiu?" Sikuwa hata nimetaja punda! Papo hapo nikawa naye, na nikawa na la kujibu.

Tangu siku hiyo hicho ndicho kipimo changu. Makundi mengi hukupokea kwa "karibu sana" na maua kumi, kisha hakuna anayemgusa mhusika wako wiki nzima. Mstari mzuri wa kumpokea mgeni ni ule unaomwachia nafasi ya kuamua. Na huo ni uandishi, tena mgumu.

Lakini nisiwapambe. Kundi letu lina kasoro: upole umezidi. Hakuna anayedanganya, hakuna anayepoteza kitu. Fisi wa susu aliiba, akashikwa, akaaibika, na ndiyo maana hatukulala. Sisi wiki ya tatu hii punda ameshakunywa na bado tuko mtoni tukisalimiana. Tumeogopa joka mpaka tumefukuza hadithi yenyewe. Joka lije, sawa tu, mradi libishe hodi na binti apate nafasi ya kukimbia.

Jana usiku nikamwandikia mzee: "Mbuzi wako mmoja haonekani. Na kuna damu kwenye kamba ya punda wangu. Unamshuku nani?"

Bado nangoja jibu.