Kukipima Chombo cha Mifereji ya Uingereza

Mtu atakaye kununua chombo chembamba cha mifereji ya Uingereza aghalabu huanza kwa kutazama rangi, na wauzaji hulijua hilo. Ndiyo sababu maua ya waridi na picha za ngome, pambo la asili la vyombo hivi tangu zama za familia za wachukuzi zilizoishi katika chumba cha tezini chenye urefu wa futi 10 hivi, hupakwa upya kabla ya chombo kutangazwa. Pambo hilo nalipenda kwa dhati, na mkono wa fundi hodari hudhihirika katika petali iliyochorwa kwa pigo moja la brashi bila kurudiwa. Lakini thamani ya chombo imo mahali ambapo brashi hiyo haifiki.

Upana wake haukuachwa kwa hiari ya waundaji. Malango ya maji yaliyojengwa na mhandisi James Brindley katika karne ya 18 yana upana wa futi 7 hivi, basi chombo hakina budi kuwa cha futi 6 na inchi 10. Palipobaki kwa fundi kuonyesha ustadi ni katika feleji na katika mkato wa tezi.

Feleji kwanza. Desturi ya siku hizi ni milimita 10 kwa sakafu ya chini, 6 kwa mbavu na 4 kwa paa. Chombo kipandishwe gudini, nawe uwepo mkaguzi anapoupima unene kwa mawimbi ya sauti; wala usiridhike na wastani, bali uliza kina cha kishimo kibaya kuliko vyote, maana maji hayaingii kwa wastani. Vishimo vilivyokusanyika kwenye mstari wa maji huashiria kwamba lami, ipasayo kupakwa kila baada ya miaka 2 au 3, ilisahauliwa, na Mpwani aliyeona jahazi linavyopwelezwa, likakwanguliwa na kupakwa deheni, atauelewa upesi uzembe huo. Vishimo vikali, ving'aavyo, vilivyotawanyika huku na huko, vyatia shaka nyingine: kwamba chombo kilifungwa gatini muda mrefu, kikavuta umeme wa nchi kavu bila kizuizi, na mkondo ukala feleji kimyakimya. Tazama pia vipande vya magnesi vilivyolehemiwa ubavuni ili viliwe badala ya chombo. Kilicholika nusu ni bishara njema. Kilicho kizima baada ya miaka mingi hakikufanya kazi yake, na zinki, ifaayo baharini, haitoshi katika maji baridi.

Kisha inua ubao wa sakafu karibu na tezi, utie mkono ngamani. Kutu ya ndani ndiyo hatari iliyofichika kuliko zote, kwa kuwa hakuna gudi iionyeshayo. Fundi mwangalifu huyapanga matofali ya uzito kwa nafasi, hewa ipite na maji yatiririke nyuma yapate kutolewa. Hati ya usalama itolewayo kila miaka 4 hukagua mambo ya gesi, moto na umeme, wala haisemi neno juu ya unene wa feleji, kwa hiyo asikudanganye mtu nayo.

Mkato wa tezi huhukumiwa safarini. Ambapo mbavu zimekatwa ghafula, maji hayafiki vyema kwenye rafadha, kana hutetemeka mkononi, na mawimbi hupiga kingo hata chombo kikienda chini ya mwendo wa maili 4 kwa saa uliowekwa na sheria; bali ambapo zimepunguzwa taratibu kwa futi nyingi, maji hufumba nyuma kwa utulivu, na chombo hutii kwa kuguswa tu. Sifa hii haiongezwi baadaye kwa fedha yoyote.

Mwisho, injini ikisha kuzimwa, shuka ukatazame mahali mhimili wa rafadha unapopenya. Matone machache njiani si aibu, ila yakome ukizungusha kifuniko cha grisi. Yasipokoma, huenda kamba za kuzibia zataka kukazwa tu, kazi ndogo, au huenda mhimili wenyewe umelika, na hapo ni haki yako kudai bei ishuke kabla hujatia saini.